Maji ya Upande wa Fimka

Nimeondoka Trpejca kabla ya kengele ya kanisa,
baiskeli ya marehemu Risto ikilia chini yangu
kama kikombe chenye ufa.
Kapuni: pampu, jibini, kitambaa cha kufutia miwani.
Blagunja amechungulia dirishani, nywele hazijachanwa:
"Kwa umri huo, Cvetanka? Si basi lipo?"
Lipo. Miaka kumi na moja lipo,
na sijalipanda.

Kilomita ya kwanza haina mchezo.
Gia ndogo, kisha iliyo ndogo kuliko ndogo,
kisha vidole vinapapasa kutafuta nyingine
na hakuna.
Goti la kushoto linatoa taarifa.
Harufu ya mreteni, harufu ya lami inayoanza kupata moto.
Nahesabu kona, maana mlima usiohesabiwa
hupandwa kwa matusi.

Kona ya tano, ziwa linachungulia.
Kona ya tisa, limekimeza kijiji,
paa langu limebaki kigae kimoja chekundu
ukingoni mwa maji.
Ya kumi na nne nimeshuka, nikasukuma.
Sioni haya. Anayesukuma naye anapanda.

Rangi yake? Usiniambie buluu.
Buluu ni ya sare za shule.
Hii ni rangi ya kitu kilichonyamaza
hadi kunyamaza kwenyewe kukawa na kina.
Ng'ambo, vilima vya Albania vimekunjwa
kama mablanketi ya wageni ambao hawakuja.

Ilikuwa cherehani.
Si shamba, si nyumba. Cherehani ya mama,
mguu wake mmoja umefungwa kwa waya.
Fimka alisema ameachiwa yeye.
Mimi nikasema, macho ya mama yalipokwisha
nani alikuwa akimtungia uzi?
Mama tulimzika Jumanne.
Alhamisi tukazikana sisi.

Mnyororo umetoka. Nimeurudisha.
Mbele kidogo umetoka tena, nikaurudisha,
nikajifuta grisi kwenye sketi bila kufikiri.

Kileleni pana mahali, karibu na jiwe lililopakwa njano,
ambapo huhitaji kusogea, geuza shingo tu:
kulia Ohrid, kushoto Prespa,
ziwa la kwetu na ziwa la kwake,
na mgongo wa mlima katikati kama mtu aliyelala
kitandani kati ya waliogombana.
Prespa imepungua. Mchanga umeifuata ndani.
Sikuwa nimeambiwa. Nani angeniambia?

Mwalimu Naumče alituonyesha kwa sponji na beseni:
mlima huu ni chokaa, watoto, una matundu,
maji ya Prespa hupenya chini kwa chini, gizani,
yakatokea upande wetu, baridi, kwenye chemchemi.
Tulicheka, kwa sababu sponji ilikuwa ya kuoshea ubao.

Sasa nimesimama, pumzi inanikata,
chupa mkononi imejazwa kwenye bomba la nyumbani,
na nawaza:
miaka kumi na moja nakunywa
maji yaliyopita kwa dada yangu.
Husema damu ni nzito kuliko maji.
Nzito, ndiyo. Imechelewa kufika.

Mteremko sikuuona.
Breki, upepo, machozi ya upepo,
breki, harufu ya mpira unaoungua,
kisha mitufaha, safu kwa safu,
na Fimka juu ya ngazi, anapunguza matunda machanga,
anayatupa chini bila kuyatazama.

Amenitazama mimi. Kisha magoti. Kisha sketi.
"Mnyororo," amesema.
"Mara mbili," nimesema.

Ameshuka, ameingia ndani. Nimesikia mtoto wa meza akivutwa.
Ametoka na kile kichupa chenye mdomo mrefu,
mafuta ya cherehani,
akachuchumaa, akaanza kudondosha
pingili moja baada ya nyingine.

"Unaweka mengi mno," nimesema.

"Zungusha pedali," amesema, "unyamaze."